Jeti binafsi zinazoipita sauti: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Habari za ndege hizi huja kwa mafungu. Kampuni inatangaza mchoro wa kuvutia, picha zinasambaa, miaka inapita, kampuni inafungwa. Katikati ya hapo watu huuliza yale yale: kishindo kinatoka wapi, nani alikikataza, na kwa nini tajiri mwenye fedha zake bado anakaa angani saa saba kutoka New York hadi London. Majibu mengi hapa yanaihusu Marekani, kwa kuwa huko ndiko kanuni ilikoandikwa na ndiko wanunuzi wengi wa jeti binafsi walipo.

Kishindo cha sauti ni nini hasa?

Ndege ikiruka huisukuma hewa iliyo mbele yake, na msukumo huo husambaa kwa kasi ya sauti: takriban mita 340 kwa sekunde karibu na ardhi, na kama mita 295 kule juu ya futi 40,000 ambako baridi hufika nyuzi 56 chini ya sifuri. Ndege ya kawaida hutanguliwa na mawimbi yake yenyewe. Ikiipita sauti, yaani ikivuka Mach 1, mawimbi hayapati tena nafasi ya kutangulia. Hubanana yakawa kuta nyembamba za hewa iliyoshindiliwa, na kuta hizo huburutwa nyuma ya ndege kwa umbo la koni hadi ziguse ardhi.

Kila kinachojitokeza mwilini mwa ndege hutengeneza ukuta wake: pua, kioo cha rubani, kingo za mabawa, midomo ya injini, mkia. Zikiwa njiani kushuka, kuta zenye nguvu huzifikia zilizo dhaifu na kuzimeza, hata mwishoni hubaki mbili tu, ya mbele na ya nyuma. Ndiyo maana aliye chini husikia du-dum. Kwenye karatasi ya vipimo, mstari wa shinikizo hupanda ghafla, hushuka taratibu hadi chini ya kawaida, kisha huruka juu tena: herufi N kamili.

Kinachoshangaza ni udogo wa shinikizo lenyewe. Concorde, ile ndege ya abiria ya Uingereza na Ufaransa iliyoipita sauti, ikiwa kwenye mwendo wake wa safari iliongeza chini kiasi cha paskali 93 tu, pungufu ya sehemu moja ya elfu ya shinikizo la hewa tunayoishi ndani yake. Kinacholiudhi sikio ni ule ughafla. Pembe mbili kali za N ndizo adui wa mbunifu.

Je, kishindo hutokea mara moja tu, pale ndege inapovuka kasi ya sauti?

Hapana, na hili ndilo kosa linalorudiwa kuliko yote. Muda wote ndege ikiwa juu ya Mach 1 inaburuta kishindo chake. Kila mtu aliye chini ya njia yake hukisikia mara moja, ndege ikimpita; jirani aliye kilomita kadhaa mbele atakisikia sekunde chache baadaye. Upana wa eneo linalofikiwa hukadiriwa kuwa maili moja kwa kila futi 1,000 za urefu wa kuruka. Ndege iliyo futi 50,000 basi huburuta zulia la kishindo lenye upana wa kilomita 80 hivi. Chora ukanda wa namna hiyo kutoka New York hadi Los Angeles, uhesabu miji iliyomo, na utaelewa kwa nini wanasiasa hawakuwa na hamu.

Kuna ukweli mdogo ndani ya kosa hilo, hata hivyo. Ndege inapoongeza mwendo kuvuka Mach 1, mawimbi iliyoyatoa kwa nyakati tofauti yanaweza kufika mahali pamoja kwa wakati mmoja, na hapo kishindo huwa kikali mara kadhaa kuliko cha safarini. Marubani wa Concorde walisubiri wafike baharini ndipo waongeze mwendo.

Waliomo ndani hukisikia?

Hapana. Kuta za mawimbi huwafuata nyuma.

Marekani ilipiga marufuku kwa sababu gani?

Kwa sababu ilijaribu. Kuanzia Februari 3, 1964, mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, ilirusha ndege za kijeshi juu ya mji wa Oklahoma City kwa miezi sita, vishindo vinane kwa siku, ili kupima kama wananchi watazoea. Jumla vilikuwa vishindo 1,253. Mji ulichaguliwa makusudi: ulikuwa na ajira nyingi za anga, na wakubwa wake waliupenda mradi. Hata hivyo, mwishoni takriban mtu mmoja kati ya wanne alisema hawezi kuishi na kelele hiyo, malalamiko yalifika maelfu, na madai ya vioo na plasta zilizopasuka yakawa kesi mahakamani.

Mwaka 1973 ikaja kanuni ambayo leo inajulikana kama 91.817. Ukiisoma utaona jambo ambalo waandishi wengi hulipita: kanuni haitaji kelele kwa kipimo chochote. Inasema tu kwamba ndege ya kiraia isiruke juu ya Mach 1 ndani ya Marekani bila kibali maalumu. Haikuuliza desibeli ngapi wala shinikizo kiasi gani. Kilichopigwa marufuku ni mwendo.

Naona hapo ndipo shida yote ya miaka hamsini ilipozaliwa. Mwaka 1973 hakuna aliyekuwa na kipimo cha kishindo kinachovumilika, kwa hiyo kukataza mwendo ilikuwa njia rahisi na, kwa wakati ule, ya busara. Lakini matokeo yake mbunifu aliyefaulu kupunguza kishindo hadi kuwa mnong'ono hakupata chochote. Sheria ilimhesabu sawa na aliyepasua vioo vya mji mzima. Ungekuwa mwekezaji, ungempa fedha?

Kama ni hivyo, Concorde iliruka vipi?

Juu ya bahari. Safari za abiria zilianza Januari 21, 1976: ndege ya British Airways ilitoka London kwenda Bahrain, na ile ya Air France kutoka Paris kwenda Rio de Janeiro kupitia Dakar. New York ilifunguliwa Novemba 1977, baada ya mvutano wa mahakamani kuhusu kelele uwanjani. Hizo zilikuwa kelele za injini wakati wa kuruka na kutua, suala tofauti kabisa na kishindo, ingawa magazeti huyachanganya mpaka leo.

Kwa yeyote anayedhani kanuni za namna hii ni za Marekani peke yake, kuna mkasa wa Singapore. Desemba 1977 British Airways na Singapore Airlines walirefusha safari ya Bahrain hadi Singapore. Baada ya safari tatu tu za kwenda na kurudi, Malaysia ililalamikia kishindo juu ya Mlango wa Malacca, na huduma ikasimama. Ilirejea mwaka 1979, na mwaka 1980 ikafa moja kwa moja. Concorde ingeweza kuruka Mach 2 na bado ikashindwa na ramani.

Kwa nini jeti binafsi, na si ndege ya abiria 200?

Kishindo hufuata uzito. Hewa lazima iibebe ndege, na kadiri inavyobeba tani nyingi ndivyo mawimbi yanavyokuwa makali chini. Jeti ya watu kumi ina nafasi ya kuwa tulivu ambayo ndege kubwa haina. Halafu kuna pochi: mtu anayelipa dola milioni 70 kwa jeti ya kawaida ananunua muda, na anaweza kushawishika kulipa milioni 120 akiokoa saa tatu. Shirika la ndege linalopigana kwa kila senti ya tiketi halishawishiki hivyo.

Ndiyo maana orodha ya waliojaribu ni ndefu. Watengenezaji wa ndege Gulfstream wa Marekani na Sukhoi wa Urusi walichora jeti iitwayo S-21 pamoja, Vita Baridi vikiwa ndiyo vinaisha. Dassault ya Ufaransa ilichunguza jeti yake mwishoni mwa miaka ya 1990 ikaacha. Spike wa Boston walikuja na mchoro wa ndege isiyo na madirisha ya abiria. Aerion ndio waliofika mbali zaidi, na nitarudi kwao.

Mbunifu hufanya nini hasa ili kupunguza kishindo?

Hawezi kuzuia mawimbi yasitokee. Anachoweza ni kuyazuia yasikutane. Nadharia ilikuwepo tangu mwisho wa miaka ya 1960, kazi ya Richard Seebass na Albert George wa Chuo Kikuu cha Cornell: ukipanga vizuri namna ujazo wa mwili na nguvu ya kubeba vinavyoongezeka kutoka puani hadi mkiani, mawimbi yatashuka yakiwa yametengana, na N itageuka kilima cha mviringo. Sikio litapata mguno badala ya mlipuko.

Kwa vitendo, hiyo inamaanisha kwanza urefu. Ndege ndefu na nyembamba huyapa mawimbi nafasi. Mchoro wa awali wa jeti ya Aerion, AS2, ulikuwa na urefu wa takriban mita 52 kwa abiria 8 hadi 12, wakati Boeing 737-800 inayobeba zaidi ya 160 haifiki mita 40. Pili, kila kinachoweza kuchomoza ghafla kinafichwa au kinalainishwa. Injini hupandishwa juu ya mwili ili mawimbi yake yaelekee angani. Bawa hurefushwa kwenda nyuma ili mzigo uingie polepole.

Kwamba nadharia inafanya kazi hewani na si kwenye karatasi tu, ilithibitishwa Agosti 2003. NASA na Northrop Grumman walichukua ndege ya kivita F-5E, wakaifanyia pua nene ya ajabu, kama mdomo wa ndege aitwaye mwari, na kuirusha ikipishana na F-5E ya kawaida kwa dakika chache tu ili hali ya hewa iwe ile ile. Vipaza sauti jangwani vilinasa tofauti: mwanzo wa N ulikuwa umekatwa kichwa. Wasomaji wa Nanyuki wanaijua ndege hiyo bila pua ya mwari. F-5 za jeshi la anga la Kenya ziko Laikipia.

Mwaka 2006 Gulfstream wakaja na njia nyingine: mkuki unaochomoza kutoka puani mwa F-15B, wenye urefu wa zaidi ya mita 7 ukivutwa wote, unaogawa wimbi moja kubwa la mbele kuwa mawimbi matatu madogo.

X-59 ni nini, na imefikia wapi?

Ni ndege ya majaribio ya NASA, iliyojengwa na Lockheed Martin huko Palmdale, California, chini ya mkataba wa dola milioni 247.5 uliotolewa mwaka 2018. Ilionyeshwa hadharani Januari 2024 na kuruka kwa mara ya kwanza Oktoba 28, 2025. Ina urefu wa mita 30 na upana wa mita 9 tu, injini moja mgongoni, na pua inayochukua karibu theluthi ya urefu wote. Imechorwa kwenda Mach 1.4 kwenye futi 55,000.

Lengo lake ni kishindo cha desibeli 75 kwa kipimo cha ukubwa wa sauti kinavyosikika, ambacho NASA hukifananisha na mlango wa gari ukifungwa nje kwa jirani. Concorde ilikuwa kama 105. Kwa kuwa kila desibeli 10 sikio hulihesabu kama sauti iliyozidi mara mbili, tofauti hiyo ya 30 ni mara nane.

Pua hiyo imeleta balaa lake: rubani haoni mbele. Kioo cha mbele kingetengeneza wimbi, basi kimeondolewa kabisa, na mahali pake kuna skrini inayoonyesha picha za kamera. Concorde iliepuka tatizo hilo kwa kuinamisha pua wakati wa kutua, lakini mashine ya kuinamisha ni nzito.

X-59 yenyewe haitauzwa wala kubeba abiria. Kazi yake ni kupita juu ya miji ya Marekani huku wakazi wakiulizwa walisikia nini na kiliwaudhi kiasi gani. Ni Oklahoma City kwa mara ya pili, ila safari hii swali limegeuzwa: badala ya kuuliza watu watazoea nini, wanaulizwa kiwango gani kiandikwe kwenye kanuni.

Nimesikia ndege ya Boom iliipita sauti bila kishindo kusikika. Inawezekanaje?

Inawezekana, na si ujanja wa umbo bali wa hewa. Hewa ya chini ni ya joto kuliko ya juu, na sauti huenda haraka zaidi kwenye joto. Wimbi linaloshuka kwa mshazari hupindishwa kidogo kidogo kurudi juu. Mwendo wa ndege ukiwa umezidi Mach 1 kwa kiasi kidogo tu, wimbi hugeuka kabla ya kugusa ardhi na kishindo hupotelea angani.

XB-1, ndege ndogo ya majaribio ya Boom Supersonic, ilifika Mach 1.12 juu ya jangwa la Mojave Januari 28, 2025, na kampuni ikatangaza kwamba hakuna kishindo kilichofika chini. Si ugunduzi mpya. Aerion waliuuza mpango huo huo miaka mingi kabla. Mipaka yake ni kwamba mwendo hubaki karibu na Mach 1.1 hadi 1.2, na unategemea halijoto na upepo wa siku ile, kwa hiyo kompyuta lazima ijue hali ya hewa ya njia nzima kwa usahihi. Faida ya muda kwa abiria ni ndogo kuliko matangazo yanavyodokeza: ndege za kisasa za kawaida tayari ziko Mach 0.85 na zaidi.

Aerion ilikufaje?

Ilianzishwa mwaka 2003, ikaungwa mkono kwa nyakati tofauti na Airbus, Lockheed Martin na Boeing. Flexjet, kampuni ya jeti binafsi, waliagiza ndege 20 mwaka 2015. Bei ilikuwa dola milioni 120, na kampuni ilidai kuwa na oda za zaidi ya dola bilioni 11. Mei 2021 ikafunga milango ghafla, ikisema haikuweza kupata mtaji wa kuingia kwenye uzalishaji.

Kuna funzo la kihasibu hapo. Oda si fedha. Mteja huweka amana ndogo na kusubiri. Anayelipa mabilioni ya kujenga, kujaribu na kupata cheti ni mwekezaji, na mwekezaji aliona ndege ambayo ndani ya soko lake kubwa kuliko yote hairuhusiwi kufanya kile inachonunuliwa ifanye.

Basi sheria ndiyo kikwazo pekee?

La. Wengi wakishapita kishindo hukwama kwenye injini, na kwa maoni yangu huko ndiko michoro mingi huzikwa. Kwa mwendo wa Mach 1.4 na kuendelea unataka injini nyembamba inayotoa hewa kwa kasi kubwa. Kwa utulivu uwanjani unataka kinyume chake: injini pana inayotoa hewa nyingi polepole, kama zile za Airbus na Boeing za leo. Concorde haikujali, ilichoma mafuta ya ziada nyuma ya injini ili iruke, na vioo vya majirani wa uwanja wa Heathrow, London, vikatetemeka. Hakuna atakayeruhusiwa kufanya hivyo tena.

GE walitangaza injini ya katikati, Affinity, mwaka 2018 kwa ajili ya Aerion. Aerion ilipokufa, ikafa nayo. Rolls-Royce walijitoa kwenye mradi wa Boom mwaka 2022, na Boom wakaamua kutengeneza ya kwao, Symphony. Kampuni changa kujenga ndege ya aina hii ni kazi ngumu. Kujenga na injini yake pia ni kubeba mizigo miwili kwa bega moja.

Kanuni ziko wapi sasa?

Januari 2021 FAA ilinyoosha utaratibu wa kuomba kibali cha majaribio juu ya Mach 1. Juni 6, 2025 Rais Donald Trump alitia saini amri ya kuiagiza FAA ifute kanuni 91.817 ndani ya siku 180 na kuweka mahali pake kiwango cha muda kinachopima kelele. Hayo ndiyo mageuzi wabunifu waliyoyalilia: kutoka mwendo kwenda sauti. Ila amri ya rais si kanuni, na kuandika kanuni ya anga Marekani huhitaji rasimu, maoni ya umma na ushahidi, na ushahidi bora ndio huo unaosubiriwa kutoka X-59.

Nje ya Marekani, ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga, imeshikilia kwa miaka mingi kwamba kishindo kisiwaletee wananchi hali isiyokubalika, kauli pana ambayo kila nchi huitafsiri itakavyo. Februari 2025 kamati yake ya mazingira ilikubaliana juu ya viwango vipya vya kelele za kuruka na kutua kwa ndege hizi. Kishindo chenyewe hakina namba ya kimataifa. Nchi kadhaa za Ulaya zina marufuku zao.

Na mafuta?

Hapa watetezi wa ndege hizi huwa wapole. Makadirio ya ICCT, taasisi ya utafiti wa usafiri safi, ya mwaka 2018 yaliweka matumizi ya mafuta kwa abiria mmoja kuwa mara 5 hadi 7 ya ndege ya kawaida. Kuruka juu zaidi pia hupeleka mvuke na gesi za moshi kwenye tabaka ambako hukaa muda mrefu. Kusema zitatumia mafuta yasiyotokana na petroli si jibu, kwa kuwa mafuta hayo ni haba na ndege ya kawaida ingeyatumia kwa tija zaidi.

Ingefaa safari za Nairobi au Dar es Salaam?

Kwenda London, kwa shida. Njia hupita nchi kavu sehemu kubwa, na Sahara si tupu kama wachora ramani wanavyodhani. Kwenda Mumbai ni habari nyingine: kilomita 4,500 hivi kutoka Nairobi, sehemu kubwa juu ya Bahari ya Hindi, ambako kishindo hakiulizi kibali cha mtu. Tatizo la Nairobi ni kimo. Uwanja wa Jomo Kenyatta uko futi 5,330 juu ya bahari, hewa ni nyembamba, na bawa jembamba la pembetatu hubeba vibaya kwa mwendo mdogo. Njia yake ya kurukia ya mita 4,117 ingesaidia. Wilson, ambako jeti nyingi ndogo huegeshwa, hapafikiriki.

Kuna ninayoweza kuagiza leo?

Yenye cheti, hakuna. Ya karibu zaidi ni Global 8000 ya Bombardier, inayofika Mach 0.95 hivi. Mei 2021 ndege ya majaribio ya mradi huo ilivuka Mach 1 kidogo, Mach 1.015, ikisindikizwa na F/A-18 ya NASA, ili kuonyesha kwamba kwenye Mach 0.95 bado ina akiba. Wateja wanaokabidhiwa ndege hiyo hawaruhusiwi kuigusa akiba hiyo.